Kasri la Lord Egerton, Ngata: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekulia Njoro. Kila Desemba wageni wetu kutoka Kisumu, Kakamega na Bungoma wakishashiba chai, lazima atokee mmoja wa kusema, "Hebu tupeleke kwa yule Mzungu aliyekataliwa." Hapo ndipo ninapogeuka mwongozaji, nipende nisipende. Maswali huwa yale yale mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu. Palipo na hadithi nimesema ni hadithi, na palipo na tarehe nimeweka tarehe.

## Mambo ya mwanzo

Kasri la Lord Egerton ni nini hasa, na liko wapi?

Ni jumba la mawe lenye vyumba 52, lililojengwa kati ya 1938 na 1954 na mlowezi wa Kiingereza, Maurice Egerton. Liko Ngata, kilomita zipatazo 14 kutoka katikati ya jiji la Nakuru. Msimamizi wake leo ni Chuo Kikuu cha Egerton.

Hapo kwenye jina la chuo ndipo watu hupotelea. Kampasi kuu iko mbele zaidi, baada ya mji wa Njoro, na kasri halimo ndani yake. Nimeshawapokea wageni wawili waliofika hadi geti la chuo, wakamuuliza askari "nyumba ya Lord" iko wapi, naye akawacheka kwa heshima na kuwarudisha walikotoka.

Mbona linaitwa kasri na halina minara?

Watoto ndio huuliza hili, na huuliza kwa hasira. Wamezoea makasri ya katuni yenye minara, daraja la kuinuliwa na handaki la maji. Hapa wanakuta jumba pana la ghorofa, lenye nguzo na madirisha yaliyopangwa kwa mstari, mfano wa zile nyumba za mashambani ambazo makabaila wa Uingereza walijijengea. Hakuna aliyetarajia kupigana vita hapa. Neno "Castle" lilishika midomoni mwa watu, na leo hata makanga hatajua unakwenda wapi ukisema "jumba la Egerton". Sema Castle.

Lord Egerton alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 4 Agosti 1874, akafariki tarehe 30 Januari 1958 akiwa na miaka 83. Alikuwa Baron wa nne, na wa mwisho, wa Egerton wa Tatton. Cheo hicho alikirithi mwaka 1920 baba yake alipofariki, pamoja na Tatton Park, shamba na jumba la ukoo lililoko Cheshire, Uingereza, karibu na mji wa Knutsford.

Wengi wanamjua kama mtu wa kukataliwa tu, na hilo linamnyima nusu ya maisha yake. Alikuwa miongoni mwa Waingereza wa mwanzo kabisa kurusha ndege. Alinunua mojawapo ya ndege sita za muundo wa ndugu wa Wright zilizoundwa Uingereza na kampuni ya Short, na mwaka 1910 akapewa cheti cha urubani namba 11 na klabu ya marubani ya nchi hiyo. Alipenda magari wakati ambapo gari lilikuwa jambo la kutokea nje kulitazama, na gari la Benz la mwaka 1900 lililokuwa la familia, lenye namba M 1, bado liko Tatton. Alipenda pia kupiga picha na kuwinda. Alianza kujenga makazi Kenya katika miaka ya 1920, wakati walowezi walikuwa wakigawiwa mashamba Bonde la Ufa.

Je, alikuwa mwenye viwanda? Pesa zote hizi alitoa wapi?

Yeye mwenyewe hakuwa na kiwanda. Alirithi ardhi. Lakini thamani ya ardhi hiyo ilipandishwa na viwanda, kwa hiyo anayemwita tajiri wa viwanda hajakosea sana.

Ukoo wa Egerton ulikuwa na mashamba pembezoni mwa Manchester, mji wa pamba na moshi. Mji ulipofura katika karne ya 19, mashamba yakageuka viwanja vya kujengea nyumba za watu. Mwenye shamba hakuhitaji kufuma hata uzi mmoja. Baba yake mkubwa, Wilbraham Egerton, alikuwa mwenyekiti wa kampuni iliyochimba mfereji wa kupitisha meli hadi Manchester, uliofunguliwa mwaka 1894. Zamani zaidi, mtu wa tawi jingine la ukoo huohuo, Duke wa Bridgewater, ndiye aliyechimba mfereji wa kusafirisha makaa ya mawe kutoka migodi yake hadi Manchester mwaka 1761, na mfereji huo unahesabiwa kati ya vitu vilivyowasha moto wa mapinduzi ya viwanda.

Kwa hiyo ukisimama Ngata ukashangaa ngazi zile, fikiria pia pango lililolipwa na wafanyakazi wa Manchester vizazi viwili vitatu kabla. Jasho la huku lina swali lake huko chini.

## Ile hadithi ya mapenzi

Ni kweli alijenga kasri ili amwoe mwanamke, kisha akakataliwa?

Hivi ndivyo inavyosimuliwa. Alimpenda mwanamke wa ukoo mkubwa wa Ulaya, akamjengea nyumba. Mwanamke akaja, akaitazama, akasema nyumba gani hii, banda la kuku? Lord akashusha pumzi, akajenga jumba la vyumba 52. Mwanamke akarudi, akasema hili sasa ni makumbusho, akaenda kuolewa na mwingine. Wengine husema banda la mbwa badala ya kuku. Wengine humfanya mwanamke Mwaustria, wengine Mwingereza. Shangazi yangu wa Kisumu, ambaye hakosi neno, alimsikiliza mwongozaji hadi mwisho kisha akauliza, "Sasa hilo banda la kuku tunaonyeshwa saa ngapi?"

Mimi huwaomba wageni wafanye hesabu ndogo. Mtu aliyezaliwa 1874, akaanza kujenga 1938, alianza akiwa na miaka 64. Alipomaliza 1954 alikuwa anakaribia au ametimiza 80. Mzee wa miaka 64 anaweza kupenda, sikatai, nimewaona. Lakini kijana aliyekata tamaa tunayemwona kichwani tunaposimuliwa kisa hiki, yule wa kupiga magoti na maua mkononi, hakuwahi kukanyaga jengo hili. Aliyelijenga alikuwa mzee mwenye mvi, asiye na mke wala mtoto, mwenye jumba jingine kubwa zaidi kwao, na mwenye hakika kwamba cheo chake kitakufa naye. Kwangu huyo ni mtu wa kusikitisha kuliko yule wa hadithi, na anavutia zaidi.

Hakuwahi kuoa. Hilo ni la hakika.

Ni kweli wanawake walikatazwa kukanyaga hapa?

Ni sehemu ya masimulizi ambayo haikosi hata siku moja: kwamba baada ya kukataliwa alipiga marufuku wanawake katika shamba lake, akaweka mabango ya onyo kwamba atakayeingia atapigwa risasi, na kwamba hata wafanyakazi waliacha wake zao mbali. Kwamba aliishi bila wanawake kumzunguka, na kwamba hakutaka wamkaribie, husimuliwa na watu wengi wa huku. Kuhusu risasi, nimesikia kisa hiki tangu nikiwa darasa la tatu na sijawahi kutajiwa jina la mwanamke hata mmoja aliyepigwa. Onyo likitajwa sana kuliko tukio, mimi huliweka kwenye rafu ya vitisho.

Ila usiliache swali hapo. Marufuku ya mwenye shamba katika zama zile haikuwa kichekesho cha mzee mkorofi kwa yule aliyeajiriwa. Mfanyakazi aliyeambiwa aache mkewe nyumbani hakuwa na pa kulalamika. Tazama "Nani walifanya kazi hapa?"

Kwa nini ujenzi ulichukua miaka 16?

Tarehe zenyewe zinajibu sehemu kubwa. Mwaka mmoja baada ya msingi kuchimbwa, vita vya pili vya dunia vilianza, vikaenda hadi 1945. Waongozaji watakuonyesha vitu vilivyoagizwa Ulaya, na miaka ile meli za bidhaa zilikuwa zikizamishwa baharini, sembuse kubeba vigae vya bafu la mtu mmoja. Baada ya vita Uingereza yenyewe ilikuwa ikigawa chakula kwa kadi.

Halafu kulikuwa na Dharura, yaani hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau. Serikali ya kikoloni iliitangaza Oktoba 1952, na mashamba ya Nakuru na Njoro yalikuwa na maelfu ya wafanyakazi Wakikuyu, ambao wengi walihamishwa kwa nguvu. Jumba likamalizwa katikati ya hayo yote. Wakati watu wakipandishwa malori, mtu fulani alikuwa juu ya ngazi ya mbao akinyoosha ukingo wa dari.

Aliishi humo kwa muda gani?

Miaka minne hivi, 1954 hadi 1958. Ujenzi wa miaka 16 kwa makazi ya minne. Wageni wangu wa kiume hunyamaza kidogo hapa, hasa walioanza kujenga kwao na nyumba imesimama kwenye lenta.

## Nyumba yenyewe

Ndani kuna nini cha kuona?

Ukumbi wa dansi ndio moyo wa nyumba. Una kinanda kikubwa cha mabomba, cha aina ile ya makanisa ya zamani, ambacho mabomba yake yanapanda ukutani kama msitu wa mianzi ya bati. Simama katikati ya ukumbi, piga kofi moja, kisha nyamaza. Sauti huzunguka kabla ya kuisha. Dada yangu ni mwanakwaya, na alijaribu ubeti mmoja tu wa tenzi pale. Watu waliokuwa vyumba vya mbele wakaja kuchungulia ni nani.

Kuna chumba chake cha kulala, vyumba vya wageni, mekoni, vyumba vya kuotea moto (kumbuka hapa ni juu ya mita 1,900 hivi, na Julai baridi yake si ya mchezo), na chumba cha kusafishia picha, cheusi tii, ambacho mimi hukipenda kuliko vyote. Mzee peke yake gizani, mikono kwenye dawa, akingoja sura itokee kwenye karatasi. Chumba hicho kinaniambia habari zake kuliko ukumbi wa dansi ambao sijui ni nani alicheza ndani yake.

Nje kuna zana za shamba za zamani. Wazee hutumia muda mwingi hapo kuliko ndani. Mjomba mmoja wa Bungoma aliliinamia jembe la trekta, akapitisha kidole kwenye ukingo wake, akasema chuma kama hiki hakitengenezwi tena.

Mawe na vigae vilitoka wapi?

Waongozaji hutofautisha: mawe ni ya huku, yaliyochongwa kwa mkono, na mapambo ndiyo yaliyosafiri. Chukua dakika moja utazame ukuta wa nje kwa karibu, pua na jiwe. Utaona alama za tindo, mistari mifupi iliyolala upande mmoja. Kila fundi ana mkono wake. Jiwe moja lina mistari mirefu iliyotulia, la pembeni lina mifupi yenye haraka. Ukanda wetu ni wa volkano, Menengai iko pale pale, kwa hiyo mawe ya kuchonga hayajawahi kutupa taabu. Nyumba nyingi za Njoro, hata za kupangisha, zina mawe ya namna hiyo, ila hakuna aliyelipwa kuyanyoosha kiasi hiki.

Mbona vyumba vingi viko vitupu?

Jumba hili lilikaa miaka mingi bila mwenyewe, na fanicha haikai mahali pasipo na mtu. Usije ukitarajia vitanda vilivyotandikwa na meza yenye vijiko vya fedha. Ukitaka kuona mali ya ukoo huu ikiwa kamili, Tatton kule Cheshire ndiko iliko. Tazama "Tatton na kasri hili vinahusianaje?"

Vyumba ni 52 kweli? Nimehesabu vichache.

Mpwa wangu alifika 37 akasema anaona kizunguzungu. Si vyumba vyote hufunguliwa kwa wageni, na wanaohesabu husahau stoo, bafu na vijichumba vya watumishi.

Kuna majini?

Sijakutana nayo. Kuna popo, upepo, na mbao kuukuu zinazolia jioni.

## Ardhi na watu

Ardhi hii ilikuwa ya nani kabla ya walowezi?

Nyanda hizi zilikuwa malisho ya Wamaasai, na msitu wa Mau uliopo juu yetu ni makazi ya Waogiek. Mkataba wa 1904 ndio uliowaondoa Wamaasai Bonde la Ufa na kuwasukuma Laikipia na kusini. Mkataba wa 1911 ukawaondoa tena Laikipia. Lord Delamere, mlowezi mwingine wa Kiingereza, alitangulia Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye shamba aliloliita Equator Ranch, na wengine wakafuata reli. Eneo likaitwa White Highlands, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba ndani yake.

Watu walikuwapo zamani sana kuliko hata hao. Mwaka 1938, mwaka uleule kasri lilipoanzishwa, wanaakiolojia Mary Leakey na mumewe Louis walikuwa wakichimba pango la Mto Njoro, wakapata mabaki ya watu walioishi maelfu ya miaka iliyopita, shanga zao na bakuli zao za mawe. Shimo moja linachimbwa kutafuta waliozikwa, jingine kuweka msingi wa mtu mmoja. Huwa nawaambia wageni hivyo tukiwa barabarani, na aghalabu hakuna anayesikiliza kwa sababu wanatafuta mtandao.

Suala la Mau halijafungwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba haki za Waogiek zilikiukwa walipofukuzwa msituni.

Nani walifanya kazi hapa?

Mashamba ya walowezi wa Njoro yaliendeshwa na maskwota: familia zilizoruhusiwa kulima kipande kidogo na kufuga mifugo michache kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi. Sheria ya 1918 iliweka siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mwanamume alibeba kipande, cheti cha utambulisho kilichotiwa ndani ya kijisanduku cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mwajiri asipokitia sahihi ya kukuacha, hukuweza kuajiriwa kwingine.

Hao ndio waliochonga, waliobeba na waliopiga pasi. Ziara nyingi husimulia mwanamke mmoja aliyekuja mara mbili akaondoka, na hazisimulii watu waliokuja kila asubuhi kwa miaka 16. Ukiwa na mwongozaji mzuri, muulize juu yao. Uso wake hubadilika, kwa sababu haulizwi.

Chuo Kikuu cha Egerton kilianzaje, na kinahusianaje na Lord huyu?

Mwaka 1939 alitoa ekari 740 ili kianzishwe Egerton Farm School, shule ya kilimo. Wanafunzi wake walikuwa vijana wa Kizungu waliotayarishwa kuendesha mashamba. Baadaye ikawa chuo cha kilimo, na mwaka 1958 zikaongezwa ekari 1,100 kutoka kwake. Muda mfupi baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1986 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 kikasimama kama chuo kikuu.

Afisa kilimo aliyewafundisha wazazi wetu kupanda ngano kwa mistari, daktari wa mifugo wa kata, mwalimu wa kemia wa Siaya: wengi wao wamepita Njoro. Shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa walowezi ikaishia mikononi mwa wajukuu wa maskwota.

Kwa hiyo tumsifu au tumlaani?

Mwalimu mmoja aliniuliza hivi mbele ya basi zima la wanafunzi wa kidato cha pili. Nilimwambia ardhi aliyoitoa ni nyingi, na hakuja nayo kutoka Cheshire. Kijana mmoja nyuma akasema, "Basi alirudisha na riba kidogo." Sina la kuongeza juu ya huyo kijana.

## Kufika na kutembea

Nikitoka Nakuru nafikaje?

Panda matatu ya Njoro, mwambie makanga akushushe kwenye njia ya Castle, kisha boda hadi langoni. Patana bei kabla ya kukalia pikipiki, maana ukishuka umevaa miwani na kamera shingoni nauli huwa imeshapanda. Wenye gari wafuate barabara kuu ya Eldoret kisha wakate kushoto Njoro Tanofu, yaani njia panda ya kwenda Njoro.

Na nikitoka Kisumu au Magharibi?

Usifike Nakuru mjini kwanza. Kutoka Kisumu ni karibu kilomita 180 kupitia Ahero, Kericho na Mau Summit, na wa Bungoma na Kakamega wanaopita Eldoret hukutana nanyi hapo hapo Mau Summit. Ukishapita Salgaa, Njoro Tanofu iko kabla ya Nakuru. Shuka hapo. Wageni wangu wengi hulala usingizi Kericho wakaamka Nakuru stendi, wakalipa tena kurudi. Malori ya Salgaa ni mengi, kwa hiyo toka mapema usisafiri usiku.

Kiingilio ni kiasi gani?

Hubadilika, na kuna viwango tofauti kwa raia, mgeni, mtoto na mwanafunzi. Beba kitambulisho. Shule ziandike barua mapema kwa chuo.

Wakati gani ni mzuri?

Asubuhi, mwezi wowote usio wa mvua ya masika. Machi hadi Mei njia ya udongo huteleza, na mawingu hushuka mapema kutoka Mau. Beba sweta hata jua likiwaka. Watu wa Kisumu hawaniamini hadi saa kumi jioni, wakiwa wamejikunyata ndani ya leso ya mama.

Bibi yangu hawezi kupanda ngazi. Aje?

Aje. Atafurahia ukumbi, veranda na bustani, mpatie kiti kivulini na chupa ya chai. Ghorofani hakuna lifti ya kumtegemea.

Tunaweza kufanyia harusi hapa?

Ndiyo, na watu hufanya sana. Fanya mipango na ofisi ya kasri mapema, na uulize kama picha peke yake zina malipo yake, kwa maana wengi huja kupiga picha tu wakidhani ni bure.

Kuna kitu nilikiona Jumamosi moja. Bibi harusi amefika amechelewa, vumbi jekundu limeshapanda kwenye pindo la gauni, wasimamizi wanne wamelinyanyua kila mmoja pembe yake kama wanaobeba turubai. Nyuma mama mmoja mnene wa shela ya zambarau anapiga vigelegele mfululizo, anapanda ngazi za mlango mkuu, anaingia. Mwongozaji aliyekuwa akitusimulia habari za mabango ya kuwakataza wanawake alikatizwa katikati ya sentensi, akangoja vigelegele viishe. Havikuisha.

## Maswali yasiyo ya kawaida

Tatton na kasri hili vinahusianaje?

Mwenyewe ni mmoja. Tatton aliirithi, hili la Ngata akalijenga. Nguzo na ule mpangilio wa madirisha vina undugu na jumba la kwao, ndiyo maana wengi husema alijaribu kujijengea Tatton ya pili. Alipofariki bila mrithi, Tatton ilikwenda kwa National Trust, shirika la kuhifadhi urithi wa Uingereza, na ikawa mahali pa umma. Kule kuna ukumbi uliojaa vichwa vya wanyama aliowawinda, wengi wao wa Afrika. Ukienda, utawakuta nyati na swala wa huku wakitazama mvua ya Cheshire.

Kuna mzao au ndugu anayeweza kudai kasri?

Hakuwa na mtoto, na cheo cha Baron kilikoma naye 1958. Jumba liko chini ya chuo.

Alikuwa mmoja wa wale walowezi wa Happy Valley, wa pombe na fitina?

Hapana. Hao walikuwa upande wa Wanjohi, Nyandarua, na sifa yao ilikuwa kubadilishana wake. Huyu hakuwa na hata wa kubadilisha. Ukitaka jumba la aina ile, lile liitwalo Djinn Palace kando ya Ziwa Naivasha ndilo lenye visa hivyo.

Naweza kurusha droni?

Droni Kenya inahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, pamoja na ruhusa ya wenye mahali. Rubani mwenye cheti namba 11 pengine angekuelewa, lakini langoni hayupo yeye, yupo askari.

Naandika tasnifu kuhusu kasri. Nianzie wapi?

Anzia maktaba ya chuo Njoro, kisha Hifadhi ya Nyaraka za Taifa Nairobi kwa mafaili ya wilaya ya Nakuru ya zama za ukoloni. Halafu ukae chini na wazee wa Ngata na Njoro waliolelewa kwenye mashamba haya. Waliokuwa na miaka kumi mwaka 1954 wamevuka themanini sasa, kwa hiyo anza na wazee, mafaili yatangoja. Nenda na sukari na majani ya chai, keti, na usianze kwa kuuliza habari za yule mwanamke.